Nkatha na Uwanja wa Mtoni

Kila siku ya shule, Nkatha alishuka mteremko kutoka kwao akiwa na mkoba mgongoni na andazi mkononi, akavuka daraja la miguu la mto Kathita, kisha akapanda upande wa pili hadi shuleni. Alivuka mto huo asubuhi, akauvuka tena jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Lakini ungemwuliza maji yalikuwa na rangi gani siku hiyo, asingekujibu. Alipofika darajani alikuwa na desturi ya kuziba pua na kukaza mwendo, kwa sababu kwa muda mrefu watu walikuwa wakitupa taka pale chini, na harufu yake ilijulikana mji mzima wa Meru.

Nkatha alikuwa gredi ya saba, na kama kuna jambo alilosifiwa nalo shuleni, ni mkono wake wa kuchora. Mchoro wake wa Mlima Kenya ulitundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, na wageni walipoingia waliambiwa, "Huu ni wa mwanafunzi wetu." Sifa hizo zilimkaa vizuri. Wenzake walipochora, yeye aliwatazama kwa huruma kidogo, jinsi mtu anayejua kuogelea anavyowatazama wanaojaribu.

Jumatatu moja Mwalimu Mithika, aliyewafundisha sanaa, aliingia darasani na mgeni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi, na viatu vyake vya ngozi vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba.

"Huyu ni Bi. Beverlyne," Mwalimu Mithika alisema. "Sikilizeni vizuri, maana anatafuta watu wa kumsaidia."

Bi. Beverlyne aliegemea meza. "Mimi nilizaliwa hapa hapa Meru," alianza. "Kazi yangu ni kubuni mahali pa watu kukutania. Sio nyumba, sio ofisi. Mahali pa wazi ambapo mtu anaweza kuketi bila kuulizwa amekuja kununua nini. Mnajua lile jaa la taka kando ya mto, chini ya mtaa wa Majengo?"

Darasa lote lilijua.

"Vijana wa mtaa wamelisafisha. Sasa ni kiwanja kitupu. Tunataka kukigeuza kiwe uwanja wa watu wote, wazee, watoto, wachuuzi, wote. Kila shule iliyo karibu italeta kielelezo kidogo cha kadibodi kuonyesha uwanja huo uweje. Wakazi watavitazama vyote, kisha tutachagua kimoja cha kuanzia. Sio mchezo. Kitakachochaguliwa kitajengwa."

Watoto walianza kunong'onezana. Bi. Beverlyne aliinua kidole.

"Nina sharti moja tu. Nendeni pale kwanza. Kaeni. Tazameni ni nani anakuja, anatoka wapi, anafanya nini. Ulizeni. Sitaki kielelezo cha mtu ambaye viatu vyake havijashika matope."

Darasa lilicheka likitazama viatu vyake. Nkatha naye alicheka, lakini kwa nusu tu. Nusu nyingine ya akili yake ilikuwa imeshaanza kuchora.

Mwalimu aliwagawa wawili wawili. Nkatha alipangwa na Zulfa, msichana mpole aliyeishi Majengo, katika vyumba vya kupanga nyuma ya msikiti. Mamake alishona mapazia, na Zulfa alikuwa amejifunza kukata kitambaa au karatasi ikanyooka kama imekatwa kwa mashine. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Twende Jumamosi nikitoka madrasa," Zulfa alisema walipotoka nje. "Nitakungoja darajani."

"Twende kufanya nini? Mimi hupita pale kila siku."

"Kupita si kukaa."

"Wenzetu wanaanza leo, Zulfa. Tukingoja Jumamosi tutabaki nyuma. Tujenge kwanza, kisha tutaenda."

Zulfa alifikiri kidogo, akakubali shingo upande.

Walijenga wiki nzima. Nkatha alikuwa ameona picha ya mji fulani wa ng'ambo kwenye kalenda ya ukutani, yenye jukwaa la duara kando ya mto na maji yanayoruka juu mfano wa mkia wa tausi. Aliuweka mji huo wote juu ya kipande kimoja cha ubao. Jukwaa lilikaa pale pale ukingoni mwa mto. Mbele yake alipanga viti vya duara, vyekundu na vya manjano. Ngazi ndefu zilishuka kutoka barabarani, na ua mrefu wa miti ulizunguka uwanja wote kama ukuta. Zulfa alikata, Nkatha akapaka rangi, na kielelezo kilipokauka wanafunzi wa madarasa mengine walichungulia dirishani ili wakione.

Mwalimu Mithika alikizunguka kielelezo hicho mara kadhaa, mikono nyuma.

"Kinapendeza sana," alisema. "Na pale mtoni mlikwenda?"

Nkatha hakuwa amepanga kusema uongo. Lakini darasa zima lilikuwa limesimama pale likishangaa kazi yake, na jibu la kweli lilikuwa na aibu ndani yake. "Ndiyo, mwalimu," alisema. "Tulikwenda."

Zulfa aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua gundi iliyokauka kidoleni.

Alasiri hiyo vielelezo vyote vya darasa vilipangwa juu ya madawati, na kila mwanafunzi akapiga kura. Mwiti, mvulana aliyependa mpira kuliko chakula, ambaye alibaki bila mwenzake na kujenga peke yake, alikuwa na kielelezo kilichoegemea upande mmoja, na miti yake ilikuwa vijiti tu. Alipata kura chache, akawa wa pili. Nkatha na Zulfa ndio waliochaguliwa kuiwakilisha shule.

Wakati wa kwenda nyumbani, Nkatha alimkuta Zulfa kwenye mfereji akinawa mikono. Maji yalikuwa yakitiririka, naye hasugui chochote.

"Mbona hufurahi?" Nkatha alimwuliza.

"Ulisema tulikwenda, na mimi nikanyamaza. Kwa hiyo tumesema sote wawili." Zulfa alifunga mfereji. "Mimi ninaishi pale, Nkatha. Dirisha letu linatazama mtoni. Kikijengwa kitu kibaya, wewe utakuwa umeenda nyumbani kwenu. Mimi nitakiona kila siku. Kesho ni Jumamosi. Usipokuja, Jumatatu nitamwambia mwalimu peke yangu."

Hakusema kwa hasira.

Jumamosi ilikuwa na jua kali. Nkatha alimkuta Zulfa darajani, wakashuka pamoja kwa njia ya udongo inayoteleza, wakishikilia majani ili wasianguke. Ilikuwa mara ya kwanza Nkatha kukanyaga kiwanja hicho. Hakikunuka tena. Mto ulikuwa mwembamba na mweupe kwenye mawe, na upande wa pili mbayuwayu walikuwa wametoboa mashimo kwenye ukingo.

"Jukwaa letu ni hapa," Nkatha alisema, akisimama mahali palipokuwa tambarare karibu na maji, chini ya mkuyu. Alinyoosha mikono kama anayekaribisha wageni. "Unaona? Ni pazuri."

Zulfa alikuwa akitazama juu. Nkatha naye alitazama juu.

Kwenye matawi ya mkuyu, mahali ambapo mkono wake usingefika hata akiruka, paliningʼinia nyasi kavu, vipande vya mifuko na soksi ya mtoto iliyojaa udongo. Nyasi zote zilikuwa zimelala upande mmoja, kule mto unakoelekea.

"Nani alitupa soksi huko juu?" Nkatha aliuliza, na kabla hajamaliza kuuliza alikuwa amejua. Alitazama mti uliofuata. Nao ulikuwa na nyasi, kwa kimo kile kile. Na mwingine. Ni kama mtu alikuwa amepiga mstari hewani kwa rula, na wao wawili walikuwa wamesimama chini ya mstari huo.

"Mto," alijijibu polepole. "Mvua kubwa ikija, mto hufika pale."

Alilitazama jukwaa lake ambalo halikuwapo, akaviona viti vyekundu na vya manjano vikielea kama majani. Kisha akawaona watoto wameketi juu yake.

"Tukae," Zulfa alisema. "Tulikuja kukaa."

Walikaa juu kidogo, kwenye jiwe. Mwanzoni Nkatha aliona kwamba hakuna kinachotokea. Baadaye kiwanja kilianza kuzungumza. Wanawake walikuja kutoka ng'ambo ya mto, wamejitwika ndizi na magunia ya kabeji, wakielekea sokoni. Walipofika kwenye kona ya njia, kila mmoja alisimama kwa shida, akainama, akauegemeza mzigo kwenye ukuta wa udongo na kuvuta pumzi. Pale pale ndipo walipongojana na kupeana habari.

Nkatha alikumbuka maneno ya Bi. Beverlyne. Aliinuka, akamwendea mama mmoja aliyekuwa akipangusa jasho, akamsalimia.

"Mama, wakijenga uwanja hapa, wewe ungependa uwe na nini?"

Yule mama alimtazama kana kwamba hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo. "Mimi?" Alicheka. "Mimi nataka mahali pa kutua mzigo bila kuinama. Kama ukuta wa kimo cha bega hivi. Ukishautua chini, mwanangu, kuuinua tena ni kazi ya watu wawili."

Waliendelea kuuliza. Mzee mmoja aliyesimama juu barabarani na mkongojo aliwaambia kwamba yeye huona watu wakipunga upepo chini, lakini hajashuka tangu magoti yalipomkatalia. "Ngazi ni za vijana," alisema. Msichana mkubwa aliyebeba ndoo aliwaambia kwamba jioni yeye huzunguka njia ya mbali, kwa sababu vichaka vya pale huficha watu. "Nataka nikipita, walioko barabarani wanione," alisema. Na upande wa juu, palipo pakavu, wavulana walikuwa wakicheza mpira, na mwenye kelele kuliko wote alikuwa Mwiti.

Nkatha alirudi kwenye jiwe. Alikuwa ameweka ngazi. Alikuwa ameweka ua mrefu kama ukuta. Alikuwa ameweka jukwaa ndani ya mto.

"Hakuna hata kitu kimoja nilichopatia," alisema.

"Rangi ulipatia," Zulfa alisema, na wote wawili walicheka, ingawa macho ya Nkatha yalikuwa yamelowa.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ya babake, Misheck, aliyekuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Misheck aliinua kofia ya kukinga macho, akazima mashine, na binti yake akamweleza yote, pamoja na lile jibu alilompa mwalimu.

"Na sasa unataka nini?" Misheck aliuliza.

"Sijui, Baba. Kila mtu amekipenda. Labda Bi. Beverlyne ataona kosa mwenyewe, arekebishe. Yeye ni mtaalamu."

"Labda." Misheck aliuchukua mlango aliokuwa akiutengeneza, akaugeuza ili Nkatha aone bawaba. "Nikijua bawaba hii ni mbovu, nikaipaka rangi nzuri, nikasema mwenye nyumba ataona mwenyewe, mlango ukimwangukia mtoto wake utasema kosa ni la nani?"

Nkatha aliitazama bawaba.

"Mvua ya Aprili ikija wewe utakuwa nyumbani," babake aliendelea, sauti yake ya kawaida tu. "Kwenye jukwaa lako atakuwa nani?"

Alirudisha kofia usoni akaendelea na kazi. Nkatha alikaa kidogo akitazama cheche zikiruka, kisha akaondoka, na alipokuwa akipanda mlima kwenda kwao alikuwa ameshaamua.

Jumatatu yeye na Zulfa walimngoja Mwalimu Mithika mlangoni. Nkatha ndiye aliyesema. Alisema hawakwenda, na kwamba uongo ulikuwa wake, na kwamba Jumamosi walikuwa wamekwenda na kuona nyasi kwenye mkuyu. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mwishowe. "Nashukuru umeikata mwenyewe kabla haijakukata. Lakini hukunidanganya mimi peke yangu. Darasa lilipiga kura likiamini kazi yenu imetimiza sharti. Utawaambia wao pia, kisha tutaanza upya."

Kuwaambia wanafunzi wenzake kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mwalimu. Nkatha alisimama mbele ya ubao, akaeleza kwa maneno machache. Kisha Mwiti akainuka.

"Kwa hiyo nilishindwa na uongo," alisema. "Mimi nilikaa pale wiki nzima."

"Ndiyo," Nkatha alisema. "Niwie radhi, Mwiti. Ulistahili wewe."

Mwiti alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alipokosa mtu wa kubishana naye, alikaa akikuna shingo. Kura ilipopigwa tena, kielelezo chake kilishinda. Mwalimu alipokuwa akiandika jina lake ubaoni, Mwiti alikitazama kielelezo hicho kilichoegemea upande, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, mimi najua ni nini kinafaa kuwa pale. Lakini mikono yangu haijui kujenga. Wao wanajua. Twaweza kujenga tukiwa watatu?"

Mwalimu Mithika alimtazama Nkatha. "Wewe unasemaje? Kitaitwa kielelezo cha Mwiti."

"Nitakata popote atakaponiambia," Nkatha alijibu.

Tangu siku hiyo hawakuwa na mapumziko. Walikusanya katoni kutoka madukani, na Zulfa akawaonyesha namna ya kukata matabaka na kuyapanga moja juu ya jingine, ili mteremko uwe mteremko kweli na si karatasi iliyopakwa rangi. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Tabaka moja likikosea, yote ya juu yalikosea. Vidole vya Nkatha vilivimba kwa mkasi, na mara mbili walilazimika kubandua kila kitu na kuanza tena. Alipotaka kuweka jukwaa dogo upande wa chini, "dogo tu," Mwiti alimwuliza, "Umemwuliza nani?" Naye akaliondoa bila kinyongo. Walipobishana kuhusu njia, waliacha mkasi na gundi, wakashuka mtoni kwenda kuitembea.

Siku ya wakazi ilifika. Meza zilipangwa kwenye kiwanja chenyewe, na watu walikuja kutoka Majengo na kutoka mashambani ng'ambo ya mto. Wauza nyama walikuja na aproni zao, akina mama na vikapu, na wazee waliletewa viti juu karibu na barabara. Vielelezo vya shule nyingine viling'aa. Kimoja kilikuwa na taa zinazowaka. Kielelezo cha Mwiti, Nkatha na Zulfa kilikuwa cha rangi ya katoni, na sehemu yake ya chini haikuwa na kitu.

Mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu alisimama mbele yake, akakunja uso. "Hiki hakijaisha," alisema. "Huku chini karibu na maji, mahali pazuri kuliko pote, mmeacha patupu. Kwa nini?"

Mwiti alimsukuma Nkatha kidogo kwa kiwiko. "Mweleze wewe," alinong'ona.

Nkatha alivuta pumzi. Watu walikuwa wengi, lakini hakuogopa. Alikuwa akijua anachosema, na kulijua jambo kunampa mtu miguu ya kusimamia.

"Mzee, pale si patupu. Pale ni pa mto," alisema. "Tafadhali njooni niwaonyeshe."

Aliwaongoza watu mpaka chini ya mkuyu, Mwiti na Zulfa wakimfuata na kielelezo, akaelekeza kidole juu. Watu walitazama. Yule mwenye koti alivua kofia ili aone vizuri, akatazama mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaufuata ule mstari kwa macho mpaka ulipoishia.

"Mvua ikiwa kubwa, maji hufika pale," Nkatha alisema. "Kwa hiyo huku chini tumeacha nyasi na mawe tu. Kiangazi watoto watacheza, na masika mto utapumzika bila kumdhuru mtu. Viti tumeviweka juu, vimechimbwa kwenye mteremko, na kila aliyeketi anaonekana kutoka barabarani. Hatukuweka ua wa kuficha. Njia haina ngazi. Inapinda polepole, ili mwenye mkongojo ashuke na kurudi."

"Na hiki kiukuta hapa kwenye kona ni cha nini?" Bi. Beverlyne aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya umati muda wote, akisikiliza.

Kabla Nkatha hajajibu, sauti ya mwanamke ilisema, "Hicho ni cha mzigo." Alikuwa yule mama wa ndizi. Aliweka kiganja begani. "Ni changu. Mimi ndiye niliyewaambia."

Watu walicheka kwa furaha, na wenzake wakaanza kuuliza kama kinaweza kurefushwa kikawatosha wote.

"Nkatha," Bi. Beverlyne alisema, "mlifikiria haya tangu mwanzo?"

"Hapana. Mwanzo nilijenga jukwaa hapa tuliposimama. Sikuwa nimekuja. Zulfa ndiye aliyenileta, na Mwiti alikuwa ameyajua mengine kabla yetu."

Bi. Beverlyne alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wakazi walizungumza kwa muda mrefu, kila mmoja na lake, na mwishowe walikichagua kielelezo cha rangi ya katoni kiwe cha kuanzia. Waliongeza miti ya kivuli kutoka kielelezo cha shule nyingine, na taa kutoka kile kilichowaka. Yule mwenye koti la kijivu ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Ujenzi ulianza wakati wa kiangazi, na viti vilikuwa tayari kabla ya masika. Kisha mvua ikaja, mvua ya siku kwa siku, ile inayowafanya wakulima wa mlimani kutabasamu na watu wa bondeni kukunja uso. Kathita ilivimba, ikawa nyekundu, ikaruka ukingo na kutanda juu ya nyasi zote za chini. Watu walisimama juu kwenye viti vipya, miguu mikavu, wakitazama magogo yakipita mahali ambapo jukwaa la duara lingekuwa. Hakuna aliyeumia. Mvua ilipokatika maji yalirudi mahali pake, na nyasi zikaota nene kuliko mwanzo.

Jumamosi moja baada ya masika, wakazi walifanya mkutano wao wa kwanza kwenye uwanja huo. Kwaya iliimba, vijana wa Majengo wakapika chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa, na watu wakaketi walivyotaka. Bi. Beverlyne aliwakuta Nkatha, Zulfa na Mwiti kwenye kiti kimoja, Mwalimu Mithika akiwa pembeni yao na kikombe chake.

Alitoa simu, akawaonyesha picha ya uwanda mpana wenye vumbi na migunga michache. "Hapa ni mji wa Ishiara, karibu na soko," alisema. "Wao pia wanataka mahali pa kukutania. Nkatha, wewe mwenye mkono wa kuchora, ungeweka nini hapa?"

Nkatha aliichukua simu. Aliitazama picha kwa makini, akaikuza, akaipunguza. Kisha akamrudishia.

"Sijui," alisema. "Sijafika."

Mwalimu Mithika aliangua kicheko, nusura amwage chai. Bi. Beverlyne hakucheka. Aliirudisha simu mfukoni, akaketi nao.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," alisema, "na kuna wakubwa ambao bado hawajajifunza kutoa jibu hilo. Mahali pa watu hapaanzi na penseli. Panaanza na macho, masikio na miguu ya kufika, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchora. Lakini kuna jambo jingine mlilofanya ambalo ni kubwa zaidi. Mlipojua mmekosea, mlisema. Mliusema ukweli kabla jiwe la kwanza halijawekwa, basi ukagharimu katoni na aibu ya asubuhi moja. Ukweli huo ungengoja masika, mto ndio ungeusema."